Namba Ndogo za Baba Mtakatifu

Nekesa, anayekalia kiti changu sasa, ameniomba niandike mambo ambayo hayamo kwenye faili. Anasema faili zinaeleza kazi ilivyopangwa, hazielezi ilivyofanyika. Ni kweli, na kwa kuwa nyingi niliziandika mimi mwenyewe, najua zinaficha nini. Basi nawaandikia ninyi mnaoanza, hapa kwenye ofisi ya katekesi Tororo na popote pengine ambako mtu hukabidhiwa kitabu cha Baba Mtakatifu siku ya Jumatatu na kuambiwa kwamba watu wa kijiji cha Kwapa wanakisubiri Jumapili.

Kwenye barua ya kuajiriwa niliitwa karani. Makatekista waliniita Mwalimu, ingawa sikuwahi kushika chaki. Kazi yenyewe ilikuwa hii: Baba Mtakatifu anaandika, mimi nafupisha. Nimewatumikia Mapapa watatu kwa namna hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeleta malalamiko.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Owori, katekista mkuu, mtu mfupi aliyevaa koti la suti hata kwenye jua la saa nane. Hakupoteza muda kunikaribisha. Alinisukumia kitabu chembamba chenye jalada jeupe, waraka wa Baba Mtakatifu wa wakati ule juu ya kazi na haki za wafanyakazi, kurasa zaidi ya mia za Kiingereza kizito. Akasema kesho yake anataka karatasi moja. Nikadhani ni utani wa kumpokea mgeni. Kesho yake nikaja na karatasi kumi na moja, mwandiko safi, huku najisifu kimoyomoyo. Mzee alizipima mkononi, akabakiza ile ya juu, zile kumi akazikunja na kuzisukuma chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Meza ikatulia.

"Katekista wa Merikit ana baiskeli," akaniambia. "Hana kabati."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya ofisi. Karatasi moja, pande mbili, inayokunjwa mara nne ikaingia mfuko wa shati. Vigango vyetu, yaani yale makanisa madogo ya vijijini, humwona padre mara moja kwa mwezi, na mvua ikikata barabara hata hiyo mara moja haipatikani. Jumapili nyingine zote anasimama katekista. Kama Baba Mtakatifu amesema jambo, watu watalisikia kwa katekista huyo, kutoka kwenye karatasi hiyo, au hawatalisikia kabisa.

Mtauliza kwa nini tuliandika kwa Kiswahili, wakati Uganda hii kuna watu wanakiogopa Kiswahili mpaka leo. Sababu ni mpaka. Katekista wa Kwapa ni Mteso, wa Merikit ni Mjopadhola, wale wa Busia ni Wasamia, na kule Busitema kuna wanafunzi wa chuo kutoka kila pembe. Lugha waliyokuwa nayo wote ni ile ya sokoni. Nilikuwa naandika Kiswahili, kisha Jumapili kila mmoja anakigeuza papo hapo kwa lugha ya watu wake. Mara nyingi nilikaa nikijiuliza: maneno yametoka Roma kwa Kilatini, yakaja kwa Kiingereza, yakapita kwenye meza yangu, yakafika Merikit kwa Kidhopadhola. Je, mwenyewe angesimama mlangoni pale angeyatambua? Swali hilo lilinikaa kichwani miaka mingi, nami nililifurahia, kwa sababu sikujua bado kwamba lilikuwa linanihusu.

Tulikuwa na taipureta moja na mashine ya kurudufu ya kuzungusha kwa mkono. Ninyi wa kompyuta hamtajua raha na adhabu ya stensili, ile karatasi ya nta inayopigwa taipu kabla ya kurudufu. Ukikosea herufi, unapaka ile dawa nyekundu ya kufutia, unapuliza, unangoja ikauke, unapiga tena. Pembeni stensili ina namba za mistari, ukiipita ya mwisho inachanika. Lakini Mzee Owori hakutaka pia uishie juu. Karatasi isiyojaa kwake ilikuwa debe la mahindi ambalo halikufika mdomoni, watu watauliza nani amechota. Kwa hiyo nilijifunza kukata na kujaza. Cha kwanza kukatwa kila mara kilikuwa tanbihi, yale maelezo ya herufi ndogo chini ya ukurasa yanayoitwa na vinamba vidogo juu ya maneno. Barua za Mapapa zinazo kwa mamia. Asilimia kubwa zinasema tu neno fulani limetolewa wapi: mtakatifu huyu, mtaguso ule wa maaskofu. Mzee alizipiga mstari bila kuzisoma, nami nikarithi mkono wake.

Namna ya kufanya kazi niliyoipata mwenyewe ni ya kusoma mara tatu. Mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili na penseli, nikifuata zile aya, maana barua za Baba Mtakatifu kila aya ina namba yake, na hilo ni jambo la kushukuru. Mara ya tatu nilisoma rasimu kwa sauti, jikoni.

Jikoni alikuwa Athieno. Alipika pale kituoni makatekista walipokuja kwa semina, na siku ambazo hakukuwa na wageni alichambua njugu au mchele. Nilianza kumsomea kwa bahati, kwa sababu mvua ilikuwa inapiga bati la ofisi na jikoni kulikuwa kumeezekwa nyasi. Nikaona kitu. Nikisoma sentensi nzuri, mikono yake inaendelea kuchambua. Nikisoma sentensi mbovu, mikono inasimama. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nne, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Malaba, lakini sijaona chombo cha kupimia maandishi kilicho sahihi kuliko mikono ile. Kuanzia hapo hakuna karatasi iliyotoka bila kupita jikoni.

Na alikuwa mtu wa kuuliza. Aliuliza kama Baba Mtakatifu anaandika kwa mkono au anasema mtu anaandika. Aliuliza kama naye, kabla hajatuma, ana mwanamke wa jikoni wa kumsomea. Nilimwambia nadhani ana makardinali. Akafikiri, akasema hao hawawezi kumwambia ukweli kwa sababu hawachambui kitu wakati wanasikiliza.

Watu wa vigangoni nao walikuwa na yao. Makatekista walirudisha karatasi zikiwa na masizi na mafuta, na nyuma zimeandikwa maswali. Nimezihifadhi nyingi. Merikit waliuliza Baba Mtakatifu anafuga nini. Kwapa waliuliza kama akizeeka anaruhusiwa kupumzika, na baadaye Papa mmoja alipojiuzulu kweli wakatuandikia kutukumbusha kwamba wao waliuliza mapema. Ulipokuja ule waraka mkubwa juu ya kutunza dunia, katekista mmoja aliwasha moto kijijini kwa kutangaza kwamba Papa amekataza makaa. Wachoma makaa wakaacha kuja ibadani Jumapili mbili. Ilinibidi niende na baiskeli nikawaeleze kwamba alisema jambo refu zaidi ya hilo, kwamba aliwataja hata wale wa nchi kubwa wanaochoma zaidi yao. Walifurahi sana kusikia kuna wanaochoma zaidi yao.

Wandera, katekista wa Busia upande wa Kenya, alivuka kila mara kuchukua nakala zake, na kila mara alinisahihisha Kiswahili. Siku moja ofisa wa forodha alimsimamisha amuulize amebeba nini. Akajibu barua ya Papa. Yule ofisa aliisoma yote pande mbili, foleni imesimama, kisha akaomba abakiziwe moja.

Sasa lazima niwaambie habari za Athieno mwenyewe, maana bila hizo yanayofuata hayaeleweki. Aliishi Kwapa na mume wake Okiring. Okiring alikuwa amefunga ndoa kanisani zamani na mwanamke mwingine, na mwanamke huyo akaenda Kenya, akaanza maisha mengine, akamwachia watoto watatu. Athieno aliwalea hao, akazaa wanne wake. Kwa sheria ya Kanisa ndoa ya kwanza bado ipo, hivyo Athieno hakuweza kufunga ndoa wala kupokea Komunyo. Alifagia kanisa la Kwapa kila Jumamosi. Alipika chakula cha watoto wa Komunyo ya kwanza, wengine wakiwa wa tumbo lake. Jumapili alikaa benchi la mwisho, na watu wakienda mbele kupokea, yeye alibaki amekaa akitazama mikono yake. Hakulalamika kwangu hata siku moja. Mimi nilizoea kumwona pale, na kuzoea huko leo kunaniaibisha.

Mzee Owori alikwisha kufariki, na stensili ilikwisha kuipa nafasi kompyuta, ulipofika wosia, yaani barua ndefu ya mafundisho, wa Baba Mtakatifu juu ya familia. Kitabu kinene. Nilikifanyia kazi wiki mbili na bado sikuacha sheria: karatasi moja, pande mbili. Kompyuta ingenipa hata kumi, lakini mkono ulikwisha kuzoea. Kuna sura moja humo inayozungumza juu ya watu wanaoishi katika ndoa zisizo za kanisa. Inasema wasitendewe kama waliofukuzwa. Inasema mapadre wakae nao, wasikilize, wapime hali ya kila mmoja, kwa sababu hali hazifanani. Niliifupisha vizuri, nadhani. Nikaenda jikoni kumsomea.

Mikono yake ikasimama. Kama kawaida nikamuuliza kama nimempoteza. Akasema hapana, anasikia. Kitabu chenyewe kilikuwa wazi juu ya meza, kwenye ukurasa ule, naye akainama kukitazama.

"Mwalimu, hiyo namba kidogo iko juu ya neno, hiyo inafanya nini? Na hii maandishi kidogo-kidogo huku chini?"

"Hizo ni za mapadre," nikasema. "Zinaonyesha maneno yalikotoka."

"Sawa," akasema, akarudi kwenye njugu.

Nilirudi ofisini kumalizia. Upande wa pili ulikuwa umebakiza mstari mmoja mtupu. Nikaona tayari maswali yatakayokuja nyuma ya karatasi: je, hawa sasa wapokee? Makatekista watabishana, paroko atapigiwa simu, mimi nitapanda baiskeli. Mstari ulikuwa pale na mimi ni mtu wa kujaza. Nikaandika: Kuhusu Komunyo Takatifu, utaratibu ni ule ule wa zamani. Ikaenea barabara, na nukta yake. Sikuitoa popote. Niliamini ni kweli, nikaona nawasaidia watu wasisumbuke. Karatasi ikachapishwa, ikasomwa kila kigango, na Athieno akaisikia Kwapa akiwa kwenye benchi lake la mwisho.

Miaka saba ikapita. Athieno akaacha kazi ya jikoni kwa sababu ya magoti. Nami nikafikia umri wa kustaafu, tarehe ya sherehe ya kuniaga ikapangwa, mbuzi akanunuliwa.

Nekesa aliletwa miezi miwili kabla ili nimkabidhi kazi. Ni mtu wa simu. Aliniambia mapema kabisa, kwa heshima zote, kwamba kwenye simu hakuna ukurasa unaojaa, hivyo haoni kwa nini tukate. Akaanza kuziingiza karatasi zangu za zamani kwenye kompyuta, kila sentensi akiiwekea namba ya aya ilikotoka ili katekista akitaka aweze kwenda kuisoma nzima. Kazi nzuri, niliisifu. Mchana mmoja akaja mezani kwangu na karatasi ya familia.

"Mwalimu, samahani. Hii sentensi ya mwisho nimeitafuta kwenye wosia siku mbili. Siioni. Ni aya ya ngapi?"

Nikamwambia anipe kitabu, nimwonyeshe. Nilivaa miwani na kuanza kutafuta kwa kujiamini. Nikapita ile sura aya kwa aya. Haikuwepo. Nikaipita tena, safari hii nikishuka mpaka kwenye herufi ndogo za chini, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile. Na pale chini ya ukurasa uleule ambao Athieno aliuinamia, kulikuwa na tanbihi inayosema kwamba katika hali fulani, msaada ambao Kanisa linawapa watu kama hawa unaweza kuwa pamoja na sakramenti. Mimi si mwanateolojia. Najua tanbihi hiyo imebishaniwa na watu wenye kofia kubwa kuliko yangu, na mapadre hawaisomi kwa namna moja. Haitoi ruhusa kwa kila mtu. Lakini mlango uliachwa wazi kidogo, na mimi niliuandikia kwamba umefungwa, nikaweka na nukta.

Nitasema jambo ambalo sipendi kulisema. Nilimwomba Nekesa aiache kwanza, mpaka sherehe ipite. Nilitaka kula mbuzi wangu kwa amani. Hakunibishia, alisema tu, "Sawa, Mwalimu," akarudi kwenye kompyuta yake. Nikakaa na kile kitabu. Ilipofika saa tisa nilikuwa sijafanya lolote zaidi ya kusoma mistari ile minne ya herufi ndogo, na nilikuwa nasikia ile "sawa" ya Athieno ndani ya "sawa" ya Nekesa. Nikachukua kofia, nikaita bodaboda, nikaenda Kwapa.

Nilimkuta uani akianua mtama. Okiring alikuwa kwa ng'ombe. Akaniletea kiti, tukasalimiana habari za magoti na za watoto. Kisha nikafungua kitabu nikamsomea, kwanza kile kilichoandikwa juu, kisha kile cha chini, polepole, kwa Kiswahili. Halafu nikamwambia ile sentensi ya mwisho kwenye karatasi haikuwa ya Baba Mtakatifu. Ilikuwa yangu.

Akaomba nisome tena ile ya chini. Nikasoma. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, imetulia kabisa.

"Mimi niliuliza wewe," akasema. "Nilikuuliza hiyo namba kidogo."

"Uliniuliza."

"Wewe ukasema ni ya mapadre."

"Nilisema hivyo. Na sikuwa nimeisoma."

Kuku walikuwa wanakula mtama na hakuwafukuza. Kisha akaniambia, bila kuinua sauti, kwamba wiki ile aliyonisikia jikoni nikisoma habari za kusikilizwa kila mtu na hali yake, alifua gauni lake zuri. Alikuwa amepanga na Okiring waende kwa padre Jumatatu. Jumapili ikasomwa karatasi kanisani.

"Nikasikia Baba Mtakatifu amesema ni ile ile ya zamani. Nikasema, kama ni yeye mwenyewe amesema, mimi nakwenda kwa padre kutafuta nini. Miaka saba, Mwalimu. Mimi nilidhani ni yeye."

Nilisema nisamehe. Akarudi kwenye mtama wake. Mnajua desturi ya kwetu, mgeni haondoki nyumbani kwa mtu hivihivi, atapewa hata maji. Siku ile niliondoka bila kupewa maji, na sikuwa na la kudai.

Kesho yake nilikwenda kwa paroko, nikamweleza yote. Alinisikiliza, akatikisa kichwa, akaniambia Athieno na Okiring wakija, mlango wake uko wazi, na kwamba yeye hawezi kuahidi kitu kabla hajakaa nao. Kisha nikaandika karatasi ya mwisho ya kazi yangu. Ilikuwa na mistari sita tu. Ilisema sentensi ya mwisho ya karatasi ya familia si ya Baba Mtakatifu, iliandikwa na mimi Barasa, na yeyote aliyezuiwa nayo aende kwa padre wake asikilizwe. Chini nikaacha weupe mtupu. Nilimfikiria Mzee Owori na debe lake, lakini sikujaza.

Sikuituma. Niliizungusha mwenyewe kigango kwa kigango, Jumapili baada ya Jumapili, nikasimama nikaisoma mbele za watu. Ni jambo gumu kwa mtu aliyezoea kujificha nyuma ya Baba Mtakatifu. Busia walinionea huruma. Merikit akasimama mzee mmoja, akaniuliza swali ambalo nawaachia na ninyi: zile karatasi nyingine zote, mangapi yalikuwa ya Papa na mangapi yalikuwa yangu? Nilimjibu kwamba sijui. Ni jibu la kweli, na nimeanza kulitafutia jibu bora. Kwapa niliisoma nikiwa natazama ukuta. Sherehe ikafanyika, mbuzi akaliwa, mimi nilikula kidogo.

Athieno na Okiring walikwenda kwa padre. Walikwenda mara nyingi, zaidi ya nusu mwaka. Walizungumza nini sikujua na sikuuliza, hayo ni yao. Sikupata neno lolote kutoka Kwapa muda wote huo. Nilimkosa mtu yule kuliko nilivyodhani mtu anaweza kulikosa jiko. Kisha Nekesa akanipigia simu Ijumaa moja, akasema ametumwa na Mama Athieno aniambie nije Kwapa Jumapili, padre atakuwepo.

Nilichelewa, kanisa limejaa. Nafasi pekee ilikuwa kwenye benchi la mwisho, nikakaa. Wakati wa Komunyo ulipofika watu wakasimama, nikamtafuta kwa macho pale karibu yangu alipozoea kukaa, nikakumbuka kwamba mahali pale ndipo nilipokalia mimi. Alikuwa kwenye mstari, na gauni la bluu, fimbo mkono mmoja kwa ajili ya magoti, Okiring nyuma yake. Alifika mbele, akapokea, akageuka. Nililia, na kwa kuwa benchi la mwisho halina mtu nyuma yake, nililia bila wasiwasi.

Baada ya Misa nikafikiri nimsalimie na kuondoka. Akaniambia nimfuate nyumbani. Pale uani kulikuwa na chai, njugu za kukaanga, na kiti kilekile. Nikala. Aliningoja nimalize, akasafisha meza kwa kanga, akauliza:

"Ile kitabu umekuja nayo?"

Nilikuwa nacho, siachani nacho siku hizi.

"Hiyo namba kidogo, iko mangapi ndani yake yote?"

Nikamwambia ni karibu mia nne.

"Na ile barua ya zamani, uliyokata na Mzee Owori, nayo iko na yake?"

Nikamwambia zote zinazo.

"Haya. Anza na ya kwanza."

Basi hiyo ndiyo kazi yangu ya sasa, na haina mkataba. Kila Alhamisi mchana nachukua bodaboda mpaka Kwapa na barua moja ya Baba Mtakatifu. Athieno anachambua njugu, mimi nasoma yale niliyoyakata. Tumefika tanbihi ya mia na arobaini. Nyingi, niwe mkweli, zinaonyesha tu maneno yalikotoka. Nikimaliza moja ya namna hiyo huinua uso akaniangalia.

"Sawa," husema, "hiyo kweli ilikuwa ya mapadre. Soma ingine."